Zima-Washa na Simu ya Mkewe

Mtaani hakuna aliyemjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Zima-Washa, na jina lilimkaa. Ukimpelekea kompyuta imegoma, kabla hujamaliza kueleza imegomaje, kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. "Zima kwanza, halafu washa," alisema. "Matatizo saba kati ya kumi yanaishia hapo. Matatu yaliyobaki ndiyo yanayonilisha." Watu walimcheka, lakini walirudi, maana kweli yaliishia hapo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja katikati ya mshona viatu na fundi wa simu. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyoungua hapa na pale, makopo ya skrubu, feni mbili za kompyuta alizozigeuza zimpepee yeye mwenyewe, na rafu tatu za mashine zilizosubiri zamu. Kila mashine ilibandikwa kipande cha tepu ya karatasi chenye mistari mitatu: mwenye mali, tatizo, namba ya siri. Utaratibu huo ulianzishwa na mkewe, aliyekuwa akichapa barua za wateja kwenye kona ya dirisha. Aliuanzisha baada ya mumewe kumkabidhi mtu mashine ya mtu mwingine, picha za harusi zikaenda kwa watu ambao hata hawakualikwa. Tepu aliziandika mwenyewe kwa sababu, alisema, mwandiko wa mume wake unasomeka na mfamasia tu.

Sasa tepu aliziandika Zima-Washa. Na kwenye rafu ya juu, katikati ya kompyuta kubwa kubwa, palikuwa na simu moja ndogo yenye tepu yake. Mwenye mali: mke wangu. Tatizo: palikuwa patupu. Namba ya siri: patupu pia.

Mkewe alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, kwa maradhi ya figo yaliyomla polepole. Wiki zake za mwisho hospitalini alijirekodi sauti kwenye simu ile kwa ajili ya binti yao, mtoto wao wa pekee. Rekodi tisa. Hakumtumia mtu hata moja. Alisema ni za kusikilizwa akishaondoka, moja baada ya nyingine, mtu asizimalize siku moja kama mtoto aliyeachiwa sukari.

Binti alisikiliza ya kwanza siku ya tatu baada ya mazishi, peke yake. Simu ilimfungukia kwa alama ya kidole chake, kwani mama yake alikuwa amemwingiza humo tangu mikono yake ilipoanza kutetemeka. Namba ya siri yenyewe mama aliibadilisha hospitalini, baada ya mgonjwa wa kitanda cha pili kuichungulia, na akaenda nayo kaburini.

Siku ya nne binti alileta simu dukani ili rekodi zinakiliwe mahali pa salama. Wazo zuri kabisa, ungesema ni mtoto wa fundi. Akaichomeka kwa waya kwenye kompyuta ya baba yake, akakuta flashi zote za dukani zimejaa vitu vya wateja, akatoka kwenda kununua mpya. Huku nyuma skrini ya simu ikaganda. Ungeisubiri dakika tano ingezinduka yenyewe, kama zinavyofanya siku zote. Lakini Zima-Washa aliiona, na mkono wake ulikuwa umefanya kazi ile kwa miaka ishirini na mbili bila kumuuliza mwenyewe. Ukabonyeza kitufe, akahesabu hadi kumi, akaachia. Simu ikazima. Ikawaka vizuri tu. Kisha ikamwandikia, kwa adabu kabisa, kwamba kwa kuwa imewashwa upya inataka namba ya siri, na kidole peke yake hakitoshi.

Binti aliporudi na flashi yake mpya, alikuta baba amekaa ametazama ukuta.

"Imekuwaje, baba?"

"Chaji iliisha," akasema Zima-Washa.

Binti alitazama simu, akatazama na ule waya, akaiweka flashi mezani.

Tangu siku hiyo Zima-Washa hakuhisi kitu. Alikula alichowekewa. Alifungua duka saa mbili, akafunga jioni. Watu walimwambia pole, naye akajibu nimeshapoa, kama anayejibu salamu za mtu asiyemjua. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomshangaza. Alingoja kilio kije, hakikuja. Kulikuwa na ganzi tu, ile ya mguu ulioukalia, na hakujua ainuke vipi.

Mganga hajigangi, kwa hiyo aliipeleka simu kwa jirani yake, fundi wa simu, mwanamke mpana aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, mtaa mzima ukimwita Dokta. Alimweleza Dokta ukweli wote, kwa kuwa fundi hamdanganyi fundi.

"Toa tu ile sehemu inayohifadhi vitu," Zima-Washa alimwambia. "Tuichomeke kwenye mashine nyingine. Mimi kompyuta ikikataa kuwaka nachomoa diski, naifunga kwenye nyingine, nachukua vitu vya watu, basi."

Dokta akavuta pumzi. "Fundi mwenzangu, kompyuta ya mezani ni nyumba uliyojenga mwenyewe. Ukipoteza ufunguo unavunja dirisha, unapanda juu unatoa bati, nani atakuuliza? Simu ni chumba cha kupanga. Umelipa, umeweka kitanda, umetundika pazia, lakini ukipoteza ufunguo, mwenye nyumba anakuambia kitu kimoja tu: nitakufungulia, ila vyombo vyote ntavimwaga. Vitu vimefungwa humo kwa fumbo, na fumbo linafunguliwa na namba yake. Hata nikikutolea hiyo sehemu, utaona uchafu tu."

"Na mtandaoni hakuna nakala?"

"Wewe ndiye uliyemwekea simu. Uliwasha kuhifadhi?"

Hakuwasha. Aliizima kwa mkono wake, kwa sababu inakula bando. Na si hilo tu. Mwaka juzi mkewe alipoporwa simu sokoni, Zima-Washa aliitengeneza hii mpya kwa ustadi mkubwa, akajisifu mbele ya wateja: mtu akikosea namba mara kumi, simu inajifuta yote. "Mwizi ataambulia kioo na betri," alisema siku ile, na mkewe akampigia makofi.

"Umejenga ukuta mzuri," Dokta akamwambia, akamrudishia simu. Hakumtania zaidi, na kwa Dokta hiyo ilikuwa rambirambi.

Kila Jumapili, baba na binti walikaa mezani wakajaribu namba moja. Tarehe ya kuzaliwa binti. Tarehe ya ndoa. Namba za mwisho za simu ya mama mzazi wa marehemu. Wiki nane, namba nane, zote zikakataa. Zikabaki mbili. Baada ya kila jaribio binti aliosha vyombo kwa kelele nyingi, naye baba akakaa akisikiliza kelele hizo bila kuinuka kwenda kumsaidia.

Wiki ya tisa, siku ya Alhamisi, aliingia dukani mwalimu mstaafu, amebebewa kompyuta ya mezani na dereva wa bodaboda. Mashine ilikuwa haifiki popote. Ilionyesha duara linazunguka, ikazima, ikarudia. Mwalimu alikuwa ameiacha hivyo miezi miwili na ushee akidhani imekufa, na ndani yake kulikuwa na kitabu cha historia ya shule yake alichokiandika miaka sita.

"Mwanangu, niambie ukweli," mwalimu akasema. "Nikae au nisimame?"

"Kaa tu, mwalimu."

Zima-Washa alizima, akawasha. Haikusaidia. Akachomeka flashi yake ya kazi, akaiambia mashine iamkie humo badala ya kuamkia kwenye mfumo wake ulioharibika, nayo ikatii. Aliona faili zote za mwalimu zimekaa palepale. Akazinakili pembeni kwanza. Kisha akafungua pale mashine inapotunza kumbukumbu za jinsi ilivyokuwa kabla ya kuharibika, ikampa orodha ya tarehe, ikamuuliza anataka irudi siku ipi.

Tarehe ya karibuni iliyokuwa nzima ilikuwa Jumanne moja. Aliijua Jumanne hiyo. Ndiyo siku ambayo mkewe aliketi kitandani hospitalini, akaomba chai, akalalamika kwamba haina sukari. Zima-Washa aliitazama tarehe ile muda mrefu, akingoja kitu kimguse. Hakikumgusa. Akaibonyeza, mashine ikaanza kurudi nyuma, dakika ishirini na tano, ikawaka ikiwa imeamini kwamba leo ni mwendelezo wa Jumanne.

Mwalimu alipokiona kitabu chake alilia waziwazi, mtu mzima na miwani yake. Akamshika Zima-Washa mkono kwa mikono miwili. "Mungu akupe na wewe kama ulivyonipa," akasema. Zima-Washa akamjibu amina, akabandua tepu kwenye mashine, akaichana vipande vidogo kama alivyofundishwa na mkewe ili namba ya siri ya mteja isibaki ikizagaa.

Binti alikuwa ameingia wakati mwalimu analia, akasimama mlangoni. Mwalimu alipoondoka, binti alitoa kadi ya hospitali kwenye mkoba.

"Baba, hii nimeikuta kwenye kanga yake. Tazama namba ya faili. Tarakimu sita. Alikuwa anaitaja kila siku kwa manesi, mpaka tukaikariri."

Zima-Washa alishusha simu rafuni. Mara hii aliamini. Namba aliyoitaja kila siku, iliyobadilishwa hukohuko hospitalini. Kama si hiyo ni ipi? Binti aliiandika taratibu, tarakimu moja moja. Ya sita, ya mwisho.

Ikakataa. Ikaandika kwamba limebaki jaribio moja, kisha kila kitu kitafutwa.

Binti aliiweka mezani. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, kiti cha kuchapia barua, ambacho tangu msiba hakuna mtu aliyekikalia.

"Mama," Zima-Washa akamwita, kama alivyomwita tangu utotoni. "Haikuisha chaji."

Binti hakugeuka.

"Iliganda. Wewe ulikuwa umetoka. Nikaizima, nikaiwasha. Ningeiacha tu, ungerudi ukaweka kidole chako, ukachukua mambo yako. Nimeifunga mimi. Halafu nikakudanganya."

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta. Inaingiza chaji kupitia waya. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hilo nikiwa darasa la tano." Alisema bila ukali. "Njia ya mwongo fupi, na yako haikufika hata mlangoni. Nilijua palepale."

"Wiki zote tisa?"

"Wiki zote tisa."

"Mbona hukunitukana?"

Binti akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo wake ulikuwa unafanya kitu kingine, kama wa mtu anayezuia kukohoa.

"Kwa sababu na mimi nina langu. Ile rekodi ya kwanza niliyoisikiliza, hujawahi kuniuliza alisema nini."

"Niliogopa."

"Alianza hivi." Binti akaiga sauti ya mama yake, ile ya puani, ya mtu anayeongea huku anachapa. "'Mwanangu, kabla sijasema la maana, nakuomba kitu kimoja. Simu hii baba yako asiiguse. Namjua. Akiiona tu ataizima aiwashe.'"

Feni mbili zilizunguka.

"Alisema hivyo?"

"Hivyohivyo. Na kesho yake nikaja nikaiweka mezani kwako, mbele ya mkono wako, nikaenda kununua flashi."

Kicheko kilimtoka Zima-Washa bila ruhusa yake. Kilianzia tumboni, kikamwinamisha, akashika meza. Binti naye akaanza, akajifunika uso kwa kadi ya hospitali. Walicheka mpaka mshona viatu akachungulia kuona kuna nini. Na katikati ya kicheko Zima-Washa akaisikia sauti ya mkewe, si ile ya kuigiza ya binti, yake yenyewe, ikimwita kwa jina lake la nyumbani ambalo sasa hakuna mtu aliyebaki wa kumwita nalo. Hapo pakamuuma. Pakamuuma kwa mara ya kwanza tangu mazishi, pale chini ya mbavu, na kicheko kikageuka kilio hukohuko kilikokuwa. Alilia kama mwalimu alivyolia, kwa sauti, na binti akaja akasimama nyuma yake akamshika mabega.

Mshona viatu alirudi nyuma taratibu, akafunga mlango wa duka kwa nje ili wateja wasiingie.

Baadaye Zima-Washa alinawa uso kwenye ndoo, akachukua kalamu nyekundu. Kwenye tepu ya simu, mbele ya neno tatizo, akaandika: fundi. Binti akasoma, akamnyang'anya kalamu, akaongeza: na bintiye. Mstari wa tatu wakauacha ulivyo. Kisha binti akaipandisha simu mwenyewe kwenye rafu ya juu, nyuma kabisa, mahali ambapo mkono wa baba yake haufiki bila kiti.