Ile picha ya Kimalayalam iliyokatika kabla ya mwisho, na jibu la Neema

Wakuu, salaam kwenu wote mliomo humu.

Hii siyo chai. Niliokuwa nao Minneapolis, Marekani, miaka ya tisini watanijua mara moja, na nikitia chumvi wanisute hapa hapa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nafanya kazi ya kompyuta, nakaa Richfield. Nilimpenda Neema, nesi, aliyekuwa akiishi Burnsville kwa dada yake, Dada Ndeshi. Nilishamwomba tuoane. Akasema nimpe muda. Muda ukawa mrefu, wakuu, hata chakula kikawa hakipandi.

Kwa heshima tulionana pale pale sebuleni, dada mtu akiwepo. Burudani yetu picha za Kihindi. Mnajua tulivyokulia: lugha huijui, ila lazima awepo mmoja wa kuwasimulia wengine. Huyo mmoja nilikuwa mimi. Stering, yaani shujaa wa picha, ni yule anayeimba kwanza, adui ni mwenye sharubu, na stering hafi. Basi.

Jumamosi moja ya baridi kali nikapita duka la Mhindi, nikachukua kanda ya video, kwenye kasha lake mwanamke kasimama dirishani.

Tukaiweka kwenye deki. Lugha siyo ile tuliyozoea! Hata neno la kuokoteza sikupata.

Lakini hakuna aliyesema tuitoe. Mvua inanyesha tangu mwanzo. Nyumba kubwa ya vigae huko vilimani, mjane kijana peke yake, mumewe kauawa na muuaji hajulikani. Wanaume wawili wanamzunguka. Mmoja anacheka, anaimba, anamletea zawadi. Mwingine, mwenye sharubu, hasemi kitu, anasimama tu ng'ambo ya barabara na mwavuli wake.

Ngumi hakuna. Unaonyeshwa taa ya chemli na mlango ulioachwa wazi kidogo, na moyo unakudunda. Dada Ndeshi alisahau sufuria jikoni mpaka tukasikia harufu.

Mimi nikasimulia kama kawaida. "Huyu anayeimba ndiye stering. Mwenye sharubu ndiye muuaji."

Neema akauliza, "Mvua yote hii, mbona viatu vya huyo mwimbaji havina tope?"

Nikamwambia picha za Kihindi ndivyo zilivyo.

Tukafika mjane kashika chemli, anapanda ngazi za darini. Anasukuma mlango... kriketi! Mtu alirekodi mechi juu ya mwisho wa picha. Dada Ndeshi akapiga yowe.

"Mwisho unajulikana," nikasema. "Mwenye sharubu anakamatwa, stering anaoa."

Neema akanitazama. "Basi jibu langu utalipata ukijua mwisho. Wa kweli, siyo wa kwako."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani.

Nikarudi dukani. Yule mzee mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Tanga, akacheka. "Hii ni Kimalayalam, lugha ya Kerala, bwana. Mimi mwenyewe sisikii hata kidogo. Tafuta manesi, wengi wanatoka huko."

Nikampigia Neema: kazini kwenu kuna nesi wa Kerala? Akasema yupo, anaitwa Sosamma, anakaa Roseville. Kisha akakata simu.

Jumapili ya wiki iliyofuata nikaenda. Mama mkarimu sana, akanipa chai ya iliki, kisha akanisimulia kwa mikono na macho, kama sisi kabisa.

Mwimbaji alikuwa akiishi kwa siri darini, mle mle ndani ya nyumba. Alijifanya mgeni anayekuja, kumbe hatoki nje, ndiyo maana viatu vikavu. Yeye ndiye aliyemuua mume. Mwenye sharubu alisimama mvuani kwa sababu aliogopa kumwacha yule mwanamke peke yake. Mwishoni akaingia, akamwokoa, akafa.

Stering kafa, wakuu! Mtu niliyemtukana Jumamosi nzima. Niliumia kweli.

Sosamma akaniongezea chai. "Kwani Neema hakukwambia? Aliniuliza Jumatatu kazini, nikamsimulia yote."

Nikaendesha hadi Burnsville, nimekasirika na aibu juu. Neema akafungua mlango.

"Ulijua muda wote?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini unizungushe?"

"Picha zote unatusimulia wewe," akasema. "Na tangu uniombe, unanisimulia tutakavyoishi, tutakapokaa, nitakavyofurahi. Nilitaka nikuone siku moja unauliza."

Basi nikauliza.

"Neema, wewe unataka nini?"

Akatazama viatu vyangu, theluji imejaa mpaka kwenye kamba. Akacheka.

"Kwanza nataka uvue hivyo viatu. Halafu uingie, maana ni mambo mengi."

Yalikuwa mengi kweli, na karibu yote sikuyategemea. Nilisikiliza mpaka chai ikapoa. Ndoa tulifunga majira ya joto.

Kanda tunayo bado, na kriketi yake. Watoto wanasema, "Dad, just look it up," yaani niutafute huo mwisho mtandaoni. Sitaki. Somo nililolipata ni kwamba nikiwa na uhakika sana, ndipo pa kuuliza.

Haya, na nyie: picha gani iliwateka bila kuelewa neno, na msimuliaji wenu aliwadanganya wapi? Safari hii nauliza kweli.