Mama mdogo na mtihani wa aljebra

Juzi hapa Buffalo, Marekani, nilimsindikiza jirani yangu kwenye ofisi ya chuo. Alikosa mtihani wa aljebra tulipokuwa tukimzika mama yake mdogo, na asipoufanya haingii unesi.

"Marehemu ni mama yako?" karani akauliza.

"Bon, ni mama mdogo. Aliyenizaa alikufa nikinyonya. Huyu ndiye alinilea."

Karani akazungusha kalamu. "Huyo ni anti. Ruhusa ni ya mama tu."

"Anti! Mwite hivyo anti wako, si mama yangu!"

Karani akatufungia dirisha.

Chuo hichohicho kinamfundisha kwamba herufi husimama badala ya namba, kisha kinakataa mwanamke kusimama badala ya dada yake. Mimi niliishia darasa la sita. Namshukuru Mungu, ujinga huu sikufika kufundishwa.