Kumpeleka Mama Mkwe Dasalama

Ukitaka kwenda Dasalama, nenda kiangazi, pamba ikishauzwa na joto la kule likiwa limepungua kidogo. Na usivae viatu vipya. Mimi nilivaa vya ngozi nilivyonunua kwa Mhindi pale Shinyanga mjini, na treni ilipofika Tabora nilikuwa nimeshavivua, nimevikumbatia kama kuku wa zawadi. Lakini viatu siyo habari yenyewe. Habari ni kwamba nilisafiri na mama mkwe.

Macho yake yalikuwa yamefunga utando mweupe, ule wanaouita mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga tu, kama mtu aliyevalishwa gunia. Mwanza ilikuwa karibu zaidi, lakini mwanawe wa kiume alikuwa kuli bandarini Dasalama, na yeye akasema kama ni kupasuliwa macho, atapasuliwa kwa mwanawe. Mke wangu alikuwa amejifungua juzijuzi. Nikabaki mimi.

Sasa kwetu Usukumani, hasa zamani zile, mume wa binti na mama mkwe ni watu wa kukimbiana. Ukimwona anakuja njiani, unaingia porini mpaka apite. Humtazami usoni, humgusi, huli mbele yake, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Mimi nilikuwa na watoto wanne na sura ya bibi yao siijui vizuri. Nilijua miguu yake.

Behewa la daraja la tatu halina habari na mambo hayo. Mabenchi yanatazamana. Nikageukia dirisha hadi shingo ikakauka. Kwa bahati karibu yetu alikaa mama mmoja wa Kinyamwezi, mcheshi, akawa ndiye posta yetu.

"Mwambie mkwe wangu ale," mama mkwe akasema. "Tumbo lake linanguruma, nalisikia."

"Baba, unaambiwa ule."

"Mwambie nimeshiba."

"Anasema ameshiba, mama, lakini mimi ninayemwona, anakudanganya."

Behewa zima likacheka. Nikachukua mfuko wangu wa matobolwa, viazi vile vya kuchemshwa na kukaushwa, nikaenda kula mlangoni, jirani na choo. Kwa hiyo beba matobolwa, hayaozi upesi, ila kula mapema kabla choo hakijachafuka. Na ukinunua kuku wa kuchoma Itigi, mnuse kwanza.

Dasalama wanatia nazi hata kwenye maharage, nami nilipenda, nasema wazi. Pia wakikwambia "hapo tu," kaza kandambili, maana hapo tu yao ni mwendo wa kutoka jasho.

Hospitali ilipokea wagonjwa wa macho siku moja tu kwa juma, na shemeji siku hiyo alikuwa zamuni. Mama mkwe alikuwa ameshachoka na joto. Akasema wazi kwamba siku ile ikipita hangoji nyingine, anarudi nyumbani na giza lake. Nikatumia akili. Nilishika ncha moja ya fimbo yake, yeye akashika ya pili, tukaenda bila kugusana. Shida ikawa Kariakoo, watu wa mikokoteni walitaka kupita katikati yetu.

"Ninyi mnapima barabara?" mmoja akapiga kelele.

Tukafika kwenye barabara pana. Tulipokuwa katikati, lori likapiga honi. Mama mkwe akashtuka, akaachia fimbo, akasimama palepale kama ng'ombe aliyegoma. Lori linakuja, na mimi nina fimbo mkononi, mtu sina. Nikarudi, nikamshika mkono, nikamvuta hadi ng'ambo.

Tukasimama pale, mkono wake bado nimeushika. Moyoni nikasema, yameharibika. Kwa aibu ile atataka treni ya leo hii, na macho ndiyo basi tena.

Akakohoa. "Asante, mpita njia," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mkwe wangu ameniacha barabarani. Wewe unaelekea hospitali?"

Nikaifanya sauti yangu nzito, ya Kipwani. "Naelekea hukohuko, bibi."

"Basi usiniachie mkono. Na ukikutana na huyo mkwe, usimwambie."

"Simjui, bibi."

"Hukukosa kitu."

Nesi akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema mpita njia. Akanitazama, akaandika "mwana."

Akapasuliwa, akalazwa. Siku waliyomfungua bandeji na kumpa miwani minene, shemeji alikuwa ndani, mimi nyuma ya mlango. Halafu nikasikia, "Mwanangu, mbona umezeeka?" Nikaegemea ukuta, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Safari ya kurudi aliketi kati yetu askari aliyekuwa anakwenda likizo. Mama mkwe alijifunika kanga hadi puani, miwani imetokeza juu. Hakulala. Kila ng'ombe aliyepita nje alimtolea maoni, huyu amekonda, yule pembe mbaya. Mimi niligeukia dirisha langu, lakini miwani ile niliihisi mgongoni. Tulipoipita Dodoma akamgusa askari begani.

"Baba, mwambie mkwe wangu shati lake limechanika kwapani. Limechanika tangu lini? Na binti yangu anafanya kazi gani pale nyumbani?"

Askari akanigeukia. "Ndugu, unaambiwa..."

"Nimesikia," nikasema, nikabana mkono mpaka Shinyanga.