Kondoo wa Kwenda Ayivu

Nilikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi pale Midia, Koboko, bibi mzaa baba alipotoa hukumu juu ya mdogo wangu Juma. Juma alikuwa ameota meno yote lakini haongei. Kutwa alipanga vizibo vya soda mstari mmoja, na ukisogeza kimoja alilia mpaka akatapika.

“Mutoto hii, wajomba yake ndio walifunga mudomo,” bibi alimwambia mama. “Iko na hasira na wewe. Peleka kondoo Ayivu, watemee yeye mate ya baraka. Hapana hivyo, hii kitu itarudi kwa watoto ya watoto yako.”

Kwetu laana ya wajomba si mzaha. Mama alizaliwa Ayivu, upande wa Arua, kwa hiyo kesi ikawa yake. Akambeba Juma mgongoni, akavuta kondoo kwa kamba. Wajomba wenyewe walishangaa, hasira gani tena? Wakachinja, wakamtemea Juma mate kichwani, naye akapiga mayowe maana hakutaka kuguswa. Wakarudi vilevile. Kondoo wengine wakafuata, na kila safari mama alisemwa zaidi kuwa kaleta laana kwenye nyumba ya watu.

Na baba? Kimya. Baba yangu, askari mstaafu, hakumtazama mtu machoni. Mashine ya kusaga ikianza kunguruma, alitoka mbio na mikono masikioni. Alipanga viatu vyetu mlangoni kwa ukubwa, na ole wako uvisogeze. Yeye aliitwa mtu wa nidhamu, eti jeshi limemnyoosha. Mtoto akipanga vizibo, kalaaniwa!

Mama alikufa akiamini kosa ni lake. Hilo linanichoma hadi leo.

Sasa naishi mjini Arua, na binti yangu Zaituni ana usonji. Daktari alituuliza habari za pande zote mbili, akasema mara nyingi unapita katika damu ya wazazi, ya baba, ya mama, au ya wote, na hakuna wa kulaumiwa. Nilitoka pale na hasira, nikimkumbuka mama na kamba ya kondoo.

Wiki iliyofuata shangazi akashuka kwenye boda, kondoo kafungwa nyuma. Baba, ambaye siku hizi anakaa kwangu, alikuwa kibarazani karibu na Zaituni na vizibo vyake.

“Bibi yako alisema,” shangazi akaanza. “Mama ya mtoto aende kwa kaka zake.”

“Mke wangu haendi popote!” nikafoka. “Hii damu iko ya kwetu, shangazi. Iko kwa baba, iko kwa mimi. Rudisha kondoo yako.”

Baba hakuinua macho. Aliokota kizibo kilichoanguka, akakiweka penye pengo, sawasawa kabisa. Zaituni hakulia.

Bibi alionya kuwa itarudi, na imerudi. Alikosea mlango tu. Baba alikaa na mlango ule miaka yote bila kufungua kinywa, na mama ndiye aliyevuta kondoo. Nampenda mzee wangu, namlisha, nampangia viatu. Kumsamehe, bado.