Aliuza Vichujio vya Kiwanda, Sasa Anakohoa Nyumbani Kwangu

Admin, ficha jina langu kabisa, maana hapa Likasi watu wanajuana hadi sufuria. Nina miaka sitini na moja, ni mjane Mkatoliki, na nyumbani kwangu analala mtu ninayemchukia kuliko shetani. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Anakufa, anaomba padri, na mimi ndiye ninayemzuia.

Miaka ya tisini, mishahara ilipokatika, yeye na mume wangu walifanya kazi kwenye kiwanda cha chokaa upande wa Kakontwe. Shemeji alikuwa mkubwa wa timu ya vichujio. Kwa msiojua: moshi wa tanuru ulipitishwa kwanza kwenye mifuko mirefu ya kitambaa kizito, yenye pete ya chuma mdomoni, vumbi likanaswa humo, ndipo hewa ikapanda bombani. Mume wangu alikuwa chini ya hapo, akijaza chokaa kwenye magunia.

Siku zile kila mtu aliondoka kazini na kitu. Wengine nyaya, wengine mafuta. Shemeji aliondoka na mifuko ya vichujio. Mafundi cherehani wa sokoni waliigombania, watu wakavaa suruali zilizoshonwa kwa kitambaa chake. Tanuru halikuzimwa. Vumbi likatoka lote, likashuka kwenye mihogo yetu, kwenye nguo kambani, na vifuani mwa waliokuwa pale chini.

Mume wangu alimfuata kwake, nami nilikuwepo. Alimwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa huku kwetu.

"Yaya, rudisha ile mifuko. Tuko tunakufa na vumbi."

Alicheka huku akitafuna bukari, ugali wetu. "Ile vumbi inaenda ku mbingu, mudogo. Kama weye uko na kifua ya mwanamuke, bakia ku nyumba na bibi yako."

Hakubaki. Ilisemekana mishahara ikija watalipwa tu watakaokutwa kazini. Alikohoa mpaka akashindwa kulala chali, akafa ameketi, ameniegemea.

Kwenye kilio, shemeji alileta kitambaa cha kumzungushia marehemu. Wamama wa parokia wakamsifu: "Huyu iko na roho muzuri sana." Nilikishika. Kilikuwa kimefuliwa vizuri, lakini pindo la kupitishia pete ya chuma lilikuwa bado mwishoni. Aliona nimeliona. Akageuka, akaendelea kupokea pole. Nilinyamaza, kwa kuwa watoto walihitaji kula na yeye ndiye alibaki mkubwa wa familia.

Watoto wamekua wakimwita papa mukubwa, yaani baba mkubwa, na ndio waliomleta kwangu alipoanza kuishiwa pumzi. Ninampikia, ninamwosha. Asubuhi ananiita, "Mama, fungula dirisha, minye nakosa hewa." Ninafungua, ila sina haraka. Nasimama kwanza nikimsikiliza anavyohangaika, na nasema wazi, ninafurahi.

Wiki hii anataka kuungama. Nimemwambia padri amesafiri. Uongo, nilimwona sokoni jana akinunua samaki. Watoto wakijua watanilaani, na nikiwaeleza kwa nini, nitawanyang'anya baba pekee wanayemkumbuka.

Nishaurini ndugu zangu, lakini msiniambie tu kuhusu kusamehe. Huyu mtu analishwa na mkono wangu kila siku. Ana sauti ya kuomba chai, ana sauti ya kuomba padri. Jina la mume wangu hajalitamka hata mara moja. Nimwite huyo padri, au nimwache aondoke hivyo hivyo?