Korongo Kubwa

Bonde lililo chini ya shamba letu, nje kidogo ya Sumbawanga, liliitwa Kwenye Tembo. Tembo mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Bibi alisema hata mama yake alilikuta jina tu. Kwa hiyo sikutegemea ajabu yoyote pale, mpaka mjomba aliporudi kutoka Tunduma na marobota ya mitumba. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu mfanyabiashara, na katikati ya makoti akakuta darubini yenye jicho moja bovu. Haikuuzika, akanipa mimi.

Jamani! Asubuhi iliyofuata, na ile baridi ya Julai inayotafuna masikio, nililala kifudifudi juu ya tuta, nikaweka jicho, nikapiga kelele. Kwenye matete alisimama korongo, shingo nyeupe, uso mwekundu, vijinyama viwili vikining'inia kidevuni kama vya mbuzi. Maisha yangu yote alikuwa doa tu kule mbali. Sasa nilimwona mpaka akipepesa jicho. Alipohama kidogo, miguuni pake palikuwa na yai.

Nikamkimbilia bibi, nusura nianguke. Alichungulia, akacheka mpaka akakaa chini. "Yesu na Maria! Limejipamba hivi, linakwenda harusi ya nani?" Tangu siku hiyo tukawa tunagombea darubini, mtu na mjukuu wake, na ulezi ukatungoja shambani.

Shida ilikuwa ng'ombe. Wasukuma waliohamia jirani walikuwa na kundi kubwa, na njia yao fupi ya kwenda majini ilipita palepale kwenye kiota. Walipotokea mara ya kwanza nilihisi moyo unanitoka. Bibi akapanda juu ya tuta, akainua jembe: "Msipite huko! Kuna korongo kubwa!"

Vijana wakasimama, wakaulizana kidogo, wakawageuza ng'ombe wote kuzunguka kilima. Kesho yake vilevile. Nilistaajabu. Kwetu watu waliwasema kwamba hawajali kitu ila ng'ombe. Kumbe wanaheshimu ndege kuliko sisi! Nikawapenda ghafla, nikawa nawapungia mkono.

Kisha akaja baba yao, mtu wa makamo, fimbo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nimekuja kuuliza. Hilo korongo, hatuwezi kusaidiana kulifukia? Ng'ombe wanachoka kuzunguka."

Bibi akamtazama juu hadi chini. "Ulifukie limekukosea nini? Linalalia!"

"Korongo linalalia?"

Hapo nikaelewa, nikatamani ardhi inimeze. Kifipa ndicho kilichokuwa lugha ya bibi. Kwenye Kiswahili hakuhangaika na ngeli, ndege na shimo vyote kwake vilikuwa "kubwa". Vijana walisikia lile korongo linalochimbwa na mvua, linalovunja ng'ombe miguu. Sasa mwenye ng'ombe amejua ni ndege tu, nani atamzuia? Nikampa darubini.

Akatazama. Halafu akapayuka: "Katoka! Katoto katoka!"

Tukanyang'anyana ile darubini bila adabu yoyote. Kweli, kifaranga, rangi ya udongo, kimelowa, kinayumba kama mlevi wa komoni. Bibi alimshika mgeni mkono akaurusharusha hewani, na mimi nikaruka peke yangu mpaka kandambili ikakatika. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Wakati wa kuaga yule baba alisema, "Vijana wangu msiwaambie. Ndege hawatamzunguka. Shimo watalizunguka."

Wakalizunguka, na mvua zilipoanza kifaranga kilikuwa kinaruka na wazazi wake.

Juzijuzi nilirudi. Bibi alishafariki. Sisi wenyewe tumelima mpaka ukingo wa maji, ng'ombe wameongezeka, na mvua nayo imefanya yake. Nilimkuta msichana amebeba ndoo, nikamuuliza kama pale bado panaitwa Kwenye Tembo.

"Hapana, shangazi. Hapa ni Kwenye Korongo."

Furaha niliyoipata! Nikatoa darubini haraka, mpya hii, macho yote mawili mazima. "Yuko wapi?"

"Lipo hapo mbele," akasema. "Angalia usidumbukie."

Nikasogea mpaka ukingoni, nikachungulia chini. Lilikuwa kubwa.