Koili Niliyoibeba Mgongoni

Harufu ya zabibu zinazoanza kuchachuka hunirudisha Makutupora. Wenzangu wananusa utamu. Mimi namwona baba na lori lake limezimika juani, limejaa matenga, nami nina miaka tisa.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu kumshinda mama. Wiki hiyo baba alikuwa amelibadilishia mitambo ya kuwashia, akafunga koili mpya, kile kikopo kinachokuza umeme wa kutoa cheche, na kifaa cha kisasa kisichotaka kusuguliwa kila Jumamosi kama kile cha zamani. Koili ya zamani akaitupa. Nikaiokota, nikaifunga kwa kanga mgongoni, ikawa mwanangu.

Basi lori likagoma. Wachumaji wakamtania baba kwamba amemvisha bibi kizee viatu vya disko. Hakucheka. Zile zabibu zilikuwa jasho letu la mwaka mzima, na zikilala pale njiani, kiwandani hawazipokei.

Alibadilisha plagi, akasugua vichwa vya betri. Wapi! Akatoa balbu yake ya kupimia umeme, akanipa niishike. Kwenye betri iliwaka kama jicho la paka. Kwenye koili ikawa nyekundu, hoi. Tukaufuata waya shibiri kwa shibiri mpaka kwenye kijiwe cheupe kilichofungwa katikati yake. Kabla ya kijiwe, balbu inang'aa. Ukivuka tu, inasinzia.

Nikamwambia baba kijiwe ndicho kinakula umeme. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hakuwa akinikemea.

"Kazi yake hiyo, mama," akasema. "Kinailinda koili isiungue. Nimekikuta humu, nitakiacha humu."

"Koili inayolindwa si ninayo mimi hapa mgongoni?"

Akanitazama. Akaitazama kanga. Kisha akaking'oa kijiwe, maana koili mpya haikukihitaji, akaunga waya moja kwa moja, na lori likanguruma hadi matenga yakatikisika. Jioni zabibu zilikuwa kiwandani.

Nilijiona nina akili kumshinda baba. Nyie, ujinga wa utoto! Baba alijua umeme. Alichoogopa ni kung'oa kitu kilichomtunza miaka yote.

Nimeelewa hayo kwa binti yangu wa mwisho. Alitaka kuendesha malori, nikamkatalia mwaka mzima, nikisema namlinda. Asubuhi moja nikipangusa dirisha nikakishika kile kijiwe nilichokiokota siku ile, ninacho mpaka leo. Nikajiuliza ninamlinda nani: yeye, au yule mtoto niliyekuwa nikimbeba mgongoni zamani?

Nikamwita, nikamkabidhi ufunguo wa lori.